Miaka Miwili Pungufu

Rowena alikatazwa kuchungulia, na akachungulia.

Tangu walipotoka misa ya asubuhi alikuwa amefungiwa jikoni kama mwali, akikoroga birika la kahawa ambalo halikuhitaji kukorogwa. Sebuleni kulikuwa na ugeni alioungoja tangu yuko chuo. Crisanto Dimayuga, mwanamume pekee aliyewahi kumpenda, alikuwa amekuja na watu wake kumposa. Mama yake Rowena, Pacita, aliapa kwamba posa hii itafuata taratibu zote za zamani, hata zile ambazo yeye mwenyewe aliziruka alipokuwa anaolewa.

Hapo Lipa, mji wao wa Ufilipino, mambo haya yana mwendo wake. Wazee wa mwanamume wanapanda ngazi za kwao mwanamke na masufuria ya chakula mikononi. Wanakaa. Wanasifia mapazia, wanalalamikia joto, wanakula mpaka wanalegeza mikanda, na maneno yenyewe yanakuja baadaye kabisa, kana kwamba yamewaponyoka tu. Binti hasemi kitu mpaka aulizwe. Akiulizwa, anainamisha kichwa na kusema ndiyo kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Rowena alikuwa ameifanyia mazoezi ndiyo yake mbele ya kioo cha bafuni, mwalimu mzima wa hesabu, mwenye wanafunzi wanaonyamaza wakisikia viatu vyake.

Akasogeza pazia la mlango wa jikoni kidogo tu, kiasi cha jicho moja.

Crisanto alikaa kati ya mama yake, Belen, na mjomba wake Isko. Alivaa shati jeupe la sherehe, lile la nyuzi za nanasi, ambalo lilikuwa la marehemu baba yake na lilimbana mabegani. Alikuwa amenyoa akajikata kidogo kidevuni. Jamani, alipendeza. Rowena akamtazama kwa raha zake zote, akingoja ainue uso amnyanyulie nyusi kama afanyavyo kila anapomwona, tangu siku zile za chuoni walipokuwa wakikaa ncha mbili za darasa na kuongea kwa nyusi tu.

Crisanto akainua uso. Akamwona. Nyusi hazikunyanyuka. Alimtazama kama mtu anayetaka kuomba radhi na hana pa kuanzia, halafu akarudisha macho haraka kwenye viatu vyake.

Rowena akaliachia pazia. Akakumbuka kwamba tangu juzi simu yake iko kwenye mfuko wa aproni ya mama yake. Eti wiki ya posa watu hawaongei, mtaongea mkishazeeka pamoja. Kwa hiyo kama Crisanto alikuwa na neno la kumwambia kabla ya leo, neno hilo lilikuwa limeishia kwenye aproni, pamoja na unga wa mchele.

Mpango wao ulikuwa unajulikana na kila mtu mle ndani. Crisanto, mhandisi wa madaraja, alikuwa amepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili Ujerumani. Miaka miwili. Angeondoka Septemba. Kufunga ndoa kabla hajaondoka hakukuwezekana, kwa sababu mdogo wake Rowena, Girlie, aliolewa Februari mwaka huohuo, na ndugu wawili hawaolewi mwaka mmoja; mmoja humlia mwenzake bahati. Rowena alikuwa mtu wa kucheka ushirikina wa watu, lakini hilo hakuthubutu kuligusa. Basi wakakubaliana hivi: posa sasa, pete sasa, harusi Crisanto akirudi. Miaka miwili ni nini kwa watu waliopendana tisa? Wangeimaliza kwa barua na simu na kununiana kidogo.

Chakula kilikwenda vizuri. Rowena alikuwa anaingia na kutoka na sahani, macho chini kama alivyofundishwa. Mjomba Isko, mwenye gari lake la abiria na mdomo usiopumzika, alisifia mchuzi wa mbuzi, akasifia wali wa kunata wa nazi, akasema kama mke wake asingekuwa hai angeomba posa yake mwenyewe hapohapo. Watu wakacheka. Mama Pacita akacheka mpaka akajifuta macho. Akamgeukia mumewe, Mzee Ruben, akamuuliza anywe kahawa au soda.

"Chochote," akasema Mzee Ruben.

Ndivyo alivyokuwa baba yake Rowena. Fundi redio na mapangaboi, mtu mpole, asiyelewa, asiyefokea mtu. Ukimuuliza tupike nini, chochote. Pasaka tuende wapi, popote. Majirani wakigombana na waume zao walimwambia Pacita ameokota dhahabu, naye aliwajibu kwamba hakuokota, aliichimba.

Sahani zilipoondolewa, Mjomba Isko akakohoa kikohozi cha kazi.

"Mama Pacita, Mzee Ruben, sisi tumepita tu, lakini kwa kuwa tumeshakaa," akaanza, na wote wakatabasamu kwa sababu ndipo hapo. Akaeleza kwamba kijana wao ameona ua kwenye nyumba hii, kwamba hana tabia mbaya zaidi ya kukoroma, kwamba anakwenda Ulaya kusoma miaka miwili na akirudi—

"Mitano, mjomba," akasema Crisanto.

Isko alibaki na mdomo wazi. Alikuwa na maneno mengine mengi aliyoyapanga na hakujua ayaweke wapi.

"Miaka mitano," Crisanto akarudia, taratibu, akimtazama Mama Pacita. "Nisameheni. Nimepata jibu lao Ijumaa. Nilimtafuta Rowena nimwambie yeye kwanza, sikumpata."

Rowena alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Mama yake akapapasa aproni bila kujua anapapasa nini.

Crisanto akaeleza. Alieleza kama anavyoeleza mambo yote, kwa mpangilio, akipanga vidole mezani. Kule, mtoto anasoma shule miaka kumi na miwili, wengine kumi na mitatu, ndipo anakanyaga chuo kikuu. Yeye alisoma kumi: sita ya msingi, minne ya sekondari, kama kila mtu aliyekuwa mle sebuleni. Walipomwandikia mara ya kwanza kutaka cheti cha mwaka wa kumi na mbili, alidhani mtu kakosea kuchapa, akawajibu kwa adabu kwamba hakuna kitu kama hicho. Kumbe hawakukosea. Walikuwa wanamwuliza kweli iko wapi miaka miwili. Mwishowe wakaichukua miaka miwili ya mwanzo ya chuo chake wakaiita ya kumalizia shule, na kilichobaki wakaona hakitoshi shahada. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ataketi darasa la maandalizi. Miwili inayofuata atarudia shahada ya kwanza. Halafu ndipo ataanza ile aliyoombea. Wafadhili wamekubali kumlipia yote.

"Ngoja kwanza," Isko akasema. "Wewe si ulikuwa kati ya kumi bora wa mtihani wa wahandisi, nchi nzima?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na lile daraja ulilojenga, magari yanapita au hayapiti?"

"Yanapita."

"Basi wayaulize magari kama ulisoma."

Watu wakacheka, Crisanto naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeumia asiyetaka kuharibu shughuli. Rowena hakucheka. Alikuwa anafikiria darasa lake. Alifundisha mwaka wa nne, wa mwisho. Kila Machi aliwapanga mstari watoto wa miaka kumi na sita, akawavalisha majoho meupe, akawaambia mmemaliza, na mama zao wakalia. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo mtoto huyo anaambiwa rudi ndani, hujamaliza. Nani angefikiri? Kila waliyemjua alisoma kumi. Ukiishi kisiwani unadhani maji ya bahari ndiyo mwisho wa maswali.

Halafu mawazo hayo yakampita, likabaki moja tu. Miaka mitano. Alikuwa na ishirini na minane. Akaliweka birika chini kabla halijamwagika.

Mama Pacita naye alishafanya hesabu yake.

"Mwanangu Crisanto, mimi nakupenda, na hilo unalijua. Lakini unataka kuniachia msichana mwenye pete na asiye na mume, miaka mitano, hapa, mbele za watu?"

"Ningependa aje kule, mama. Mwaka ujao nitaomba ruhusa, nije tufunge ndoa, tuondoke wote."

"Akafanye nini huko?"

Crisanto akapanga tena vidole mezani. Rowena alimwona anatafuta jibu lenye heri na hakulipata, maana alikuwa hajui kudanganya, hata kidogo, hata pale panapofaa.

"Vyeti vyake navyo watavihesabu hivyohivyo," akasema. "Hawatamruhusu kufundisha. Ataanza chini."

"Chini wapi?"

"Kusoma tena. Au kazi yoyote itakayopatikana."

"Mwalimu mwenye leseni," akasema Mama Pacita, akimgeukia Belen kana kwamba Belen ndiye aliyeitunga sheria. "Akaoshe vyombo vya watu?"

Belen akainamia mikono yake. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, aliyefiwa na mumewe usiku mmoja wa kimbunga, daraja la zamani la mto wa kwao lilipokatika na watu juu yake. Crisanto alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tangu hapo hakutaka kuwa kitu kingine zaidi ya mjenzi wa madaraja, na Belen alimsomesha kwa kuuza kahawa ya kukaanga sokoni. Kama alikuwa na la kusema kuhusu Ujerumani alilimeza. Mikono yake miwili ilishikana mapajani, imeng'ang'aniana.

Mama Pacita akavuta kiti chake mbele.

"Nikwambie kitu, mwanangu. Unamwona mzee wangu huyu? Alipokuwa na umri wako alipata nafasi Japani, kusomea umeme. Tiketi ilikuwa tayari. Nikamwambia Ruben, mimi au Japani. Nilimwambia hivyohivyo, sina aibu. Na nani yuko hapa leo?" Akampiga mumewe begani kwa mapenzi. "Alibaki. Akanioa. Mabinti wawili, nyumba hii, hakuna siku tumelala njaa. Ndoa inataka mtu aliyepo. Basi na mimi nakupa mawili. Baki, chuo cha hapa mjini kitakuchukua ufundishe hata kesho, na mwakani mnaoana. Au nenda, Mungu akutangulie, lakini umwache binti yangu aangalie maisha yake."

 Isko, ambaye hajawahi kukosa neno, alijifanya anatafuta kijiti cha meno.

Crisanto alimtazama mama yake kwanza. Belen akakwepesha uso. Halafu akamtazama Rowena, muda mrefu, mbele ya watu wote, bila haya. Macho yalikuwa yamemjaa. Rowena aliyajua macho yale akiwa amechoka, akiwa na homa, akiwa amekasirika. Hakuwahi kuyaona yakiaga kitu.

"Nitabaki," akasema.

Acheni niseme ukweli: Rowena alifurahi.  Hakuwaza mto wala daraja wala mama wa mtu. Aliwaza kitu kimoja, kwamba ni wake, ameishinda Ulaya nzima, na alitamani kupiga kelele. Mama Pacita alishaanza kulia. Isko akapiga makofi akasema sasa ndiyo mambo, leteni kinywaji.

"Basi tupange," Mama Pacita akasema, akipenga kamasi. "Januari au Februari?"

"Mwezi wowote, mama," akasema Crisanto.

"Februari watu wana nafasi. Na kanisa? La hapa au la kwenu?"

"Lolote. Mtakalochagua."

"Na utakaa kwetu kwanza au mtapanga?"

"Popote, mama. Sina neno."

Aliyasema kwa upole, kwa heshima, huku anatabasamu.  Rowena akageuka kumtazama baba yake, bila kujua kwa nini, na akamkuta Mzee Ruben anamtazama yeye. Alikuwa ameshamtazama kitambo. Uso wa yule mzee asiye na neno ulikuwa wazi kama Rowena hajawahi kuuona, na ulikuwa uso wa mtu mwenye huzuni ya siku nyingi sana. Halafu akainama akanywa kahawa yake.

"Na wewe, mwanangu," Mama Pacita akamwita, sauti tamu. "Njoo. Umesikia. Wageni wanangoja neno lako."

Rowena akasogea mpaka katikati ya sebule. Akainamisha kichwa kama ilivyotakiwa. Isko alikuwa tayari ameinua glasi.

"Hapana," akasema.

Walidhani hawakusikia vizuri, kwa sababu ndiyo ya mabinti huwa haisikiki vizuri. Ikambidi aseme tena, na safari hii alisema kwa sauti ya darasani.

"Hapana, mama. Sitaki kuolewa naye. Awape shukrani wafadhili, aende zake."

Sitaeleza yote yaliyosemwa hapo, mengine si ya kuandikwa. Mama Pacita alimwita majina aliyokuwa hajayatumia tangu Rowena akiwa msichana mdogo. Alimuuliza kama ana mwanamume mwingine, akamuuliza kama ana wazimu, akawaomba wageni radhi, kisha akamwambia Crisanto amtoe nje amuulize mwenyewe, maana yeye kuanzia sasa hana mtoto wa kwanza.

Walisimama getini, kwenye kivuli cha gari la mjomba. Crisanto alikuwa mweupe midomoni.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema mwezi wowote."

"Nilisema nini?"

"Mama alikuuliza Januari au Februari. Ukasema wowote. Kanisa lolote. Nyumba yoyote."

"Rowena, nilikuwa nimeshakubali. Ulitaka nifanye nini zaidi, nicheze ngoma?"

"Nilitaka utake."

"Nakutaka wewe. Ndiyo maana nabaki. Hili si jambo la kulifanyia fumbo."

"Najua unanitaka." Akageuza macho kwenye barabara. "Na ule mto uliomchukua baba yako unautaka, uujengee daraja lisilokatika. Umeutaka kabla yangu. Ukibaki hutanilaumu, Cris, hutanipigia kelele hata siku moja. Utanitengenezea bomba likivuja. Utakuwa mume ambaye majirani wananionea wivu. Na nikikuuliza tupike nini utaniambia chochote, na mimi nitajua ni kwa nini, kila siku, mpaka tufe."

"Unanihukumu kwa kosa ambalo sijalifanya."

"Nimekulia nyumba ya mwanamume aliyebaki. Usinifundishe."

Crisanto akatazama ngazi, akatazama dirisha ambalo Mzee Ruben alikuwa ameketi nyuma yake. Alikuwa na akili, alielewa upesi, na Rowena alimwona anaelewa na kukataa kuelewa kwa pamoja.

Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Basi ningoje," akasema kwa haraka, akishusha sauti. "Tusiwaambie. Wao waache waseme imevunjika. Wewe niahidi tu kwamba utaningoja, mimi na wewe, nitakwenda, nitamaliza, nitarudi. Mitano si mingi. Niambie tu utangoja."

Neno lilikuwa mdomoni. Angengoja. Angengoja mitano, angengoja na mingine mitano juu yake, angengoja mpaka wanafunzi wake wawe na wajukuu. Lakini alimjua. Wakati Crisanto yuko Manila akijiandaa na ule mtihani wa wahandisi, Rowena aliugua homa ya dengue, na mtu huyu alifunga vitabu akapanda basi akakaa naye hospitali, akauwahi mtihani mlango ukiwa unafungwa, kwa bahati ya Mungu. Akiwa na mtu anayemngoja, angerudi. Siku ambayo Rowena angesikika mnyonge kwenye simu, siku ambayo mama yake angezidisha maneno, angefunga vitabu vilevile. Angerudi mwaka wa pili, wa tatu, bila cheti cha kule na bila nafasi ya huku, halafu angekaa kwenye kiti cha Mzee Ruben.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki." Alimtazama machoni, maana ukimdanganya mtu anayekujua inabidi umtazame. "Nina miaka ishirini na minane. Nataka watoto. Girlie ana mimba, unajua? Nataka na mimi. Sitaki kukaa hapa nikihesabu majira ya baridi ya nchi za watu."

"Kwa hiyo utaolewa na mtu mwingine."

"Akitokea."

Lilimwingia. Aliliona likimwingia. Crisanto akauachia mkono wake polepole, akageuka akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa lile gari, na mabega yakaanza kutikisika ndani ya shati la baba yake. Alilia kama wanaume wanavyolia wakidhani hawasikiki. Rowena akasimama nyuma yake na mikono imening'inia. Angemgusa tu, angemgusa hata kidole, yote yangekwisha. Hakumgusa.

Watu wakaanza kushuka ngazi. Isko akapita na masufuria bila utani wowote. Belen alipofika karibu na Rowena alisita, na Rowena, kwa mazoea ya miaka, akauchukua mkono wake akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama mkwe anavyoomba baraka za mzazi. Belen hakuuondoa upesi. Akauacha pale, akamkandamiza kidogo, kisha akapanda garini na kukaa nyuma kabisa.

Mjomba akawasha injini. Crisanto akajifuta uso kwa mkono wa shati. Alikuwa na macho mekundu na kamasi, na Rowena alimpenda vilevile alivyo.

"Unadhani nitaiweza?" akamuuliza.

"Nini?"

"Hiyo mitano. Niketi na watoto wa miaka kumi na tisa, kwa lugha yao, nianze moja. Unadhani nitaiweza?"

Hakusikia alichokisema. Aliuliza kama anavyomuuliza siku zote kabla ya mtihani, machozi hayajakauka bado, hakujua kwamba kwa swali hilo ameshaondoka. Rowena alijua. Mpaka dakika hiyo kulikuwa na sehemu yake moja ndogo, ya kijinga, iliyokuwa inaomba awe amekosea. Kwamba Crisanto atagoma, atakaa chini pale getini, atasema siendi popote mpaka ukubali nikuoe. Sehemu hiyo ikafa hapo, kimya, na hakuna aliyeiona isipokuwa yeye.

"Utaiweza," akamwambia. "Mwaka wa kwanza utakuwa mgumu, halafu utazoea. Nunua koti zito mapema, usingoje baridi ianze."

Crisanto akatikisa kichwa kukubali. Akapanda. Gari likarudi nyuma, likapiga honi moja kwa mazoea ya mjomba, likaingia barabarani.

Rowena akafunga geti. Komeo lilikuwa gumu siku zote na likamsumbua, akalisukuma kwa mikono miwili mpaka likaingia, halafu akabaki amelishikilia, maana hakuwa na mahali pengine pa kuiweka mikono yake.